Hisa zimeshuka: je, umepoteza pesa?

Msikilizaji, ukisikia kwenye habari za biashara kwamba hisa zimeshuka, usiuze kwa hofu. Elewa kwanza ulichonunua.

Hisa ni sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni. Hukupa faida kwa njia mbili: gawio, yaani mgao wa faida kampuni ikiamua kuutoa, na bei ikipanda, ukauza. Bei ikishuka, hasara unaipata siku unapouza. Lakini pia hakuna anayekuahidi kwamba itapanda tena.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine kwa pesa za mkopo. Siku ya kwanza sokoni bei ilipanda, lakini kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya shilingi 5. Mwenye deni hakuweza kusubiri. Aliyenunua kwa akiba yake alisubiri miaka, na mwaka 2021 bei ikapita shilingi 40. Baadaye ikashuka tena.

Kununua, unahitaji akaunti ya CDS, inayofunguliwa kupitia wakala wa hisa au benki. Hakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekuahidi faida ya uhakika kwa simu, mkimbie.

Na karo ya muhula ujao au pesa za mbegu? Hizo zisiingie sokoni kamwe.