Joto Bila Moto: Historia ya Hita Ndogo na Gari la Kulala

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902, mwandishi wa Ufaransa Émile Zola alilala nyumbani kwake Paris pamoja na mkewe, madirisha yakiwa yamefungwa na makaa yakiwaka chumbani. Dohani ilikuwa imeziba. Asubuhi Zola alikutwa amekufa. Mkewe, Alexandrine, alinusurika. Kilichomuua ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Jambo la kusikitisha ni kwamba tangu miaka ya 1850 Mfaransa mwenzake, Claude Bernard, alikuwa ameshaeleza jinsi hewa hiyo inavyoing'ang'ania damu na kuinyima oksijeni. Elimu ilikuwapo. Chombo cha kupasha chumba joto bila kuwasha kitu ndicho kilichokuwa kingali changa.

Insha hii inahusu chombo hicho, hita ya umeme, na ninaitazama kutoka kwenye chumba kidogo kuliko vyote: gari la kulala. Wazungu walianza kusafiri na nyumba zao kwa starehe mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1885 Dokta William Gordon Stables alijengewa Bristol, Uingereza, gari la kukokotwa na farasi akaliita The Wanderer. Chama cha wenye karavani kiliundwa nchini humo mwaka 1907, na mwaka 1951 Wajerumani wakaanza kuligeuza basi dogo la Volkswagen kuwa chumba cha kulala. Tangu farasi mpaka injini, swali la usiku ni lile lile: utaotaje moto ndani ya sanduku lililofungwa bila kujiua?

Kanuni ya jibu iliandikwa na James Prescott Joule, mwana wa mtengeneza bia wa Salford, mwaka 1841: umeme ukipita kwenye waya unaoupinga, waya hupata joto. Shida ilikuwa waya wenyewe. Chuma kikiwa chekundu kwa joto huliwa na kutu upesi, na platini ni ghali mno. Ndipo Mmarekani Albert Marsh akachanganya nikeli na kromiamu, akapata hataza mwaka 1906. Waya huo ukipata moto hujivika ganda jembamba la oksidi linaloulinda usiendelee kuliwa. Kwangu mimi huu ndio uvumbuzi mkubwa katika habari hii yote, ingawa vitabu vya shule humsifu Edison na kumsahau Marsh. Mwaka 1912 Charles Belling alifungua karakana Enfield, karibu na London, akauza hita zenye waya wa namna hiyo uliozungushwa kwenye udongo wa kuchoma. Wafaransa na Waingereza wangeweza sasa kuota joto bila dohani, mradi wawe na umeme.

Sisi tuliupata baadaye. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na hata leo kwetu Kabale, mita karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai sigiri huingizwa ndani na mlango ukafungwa. Kila mtu wa huko amesikia habari ya waliolala wasiamke. Kwa hiyo mjomba wangu, dereva wa watalii aliyeigeuza Hiace yake kuwa gari la kulala, aliponiuliza anunue hita gani kwa ajili ya wageni wanaolala Ruhija, pembeni mwa msitu wa Bwindi, sikulichukulia kama swali la dukani. Alikuwa akifikiria kuwawekea sigiri ndogo.

Nilimwambia kwanza jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Wati 1,000 za umeme hutoa joto lile lile, iwe hita ni ya bei nafuu au ya bei ya juu. Joule hajapingwa. Anayekuambia kuwa hita yake "inatoa joto mara mbili kwa umeme ule ule" anakuuzia hadithi. Tofauti iko kwenye namna joto linavyofika na namna chombo kinavyojizuia.

Hita ya mafuta iliyofungwa kama rejeta hukaa kimya na kushika joto muda mrefu, lakini ni nzito, na ndani ya gari linaloyumba barabarani huwa mzigo wa kuanguka. Hita ya waya mwekundu hukupasha upande mmoja tu, na blanketi likiigusa huwaka. Hita ya kauri yenye feni ina historia yake pia: katika miaka ya 1950 watafiti wa Philips, Uholanzi, walichunguza kauri ya bariamu titanati ambayo ikizidi joto huupinga umeme zaidi, hivyo hujipunguzia moto yenyewe. Feni ikiziba, kauri haiendi ikawa nyekundu kama waya. Kwa gari dogo, mimi naipa hiyo nafasi ya kwanza, iwe na thamostati na swichi inayojizima hita ikianguka. Feni yake hupiga kelele kidogo, mgeni atazoea.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo wengi hukwama. Hiace iliyowekewa sponji na mbao kwenye kuta, kwa makadirio yangu, hutaka wati 500 hadi 750 ili iwe na joto la nyuzi 10 kuliko nje. Wati 750 kwa volti 240 ni ampea 3 na kidogo. Soketi yoyote nzima ya kambini huzimudu. Lakini betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Nusu hiyo hulisha hita kwa dakika 48, kabla hata ya kuhesabu upotevu wa inveta. Mgeni angeamka saa tatu usiku akitetemeka, na asubuhi gari lisingewaka.

Kwa hiyo mjomba alinunua hita ya kauri ya wati 750 na waya mnene wa kurefushia, ambao nilimsisitizia aunyooshe wote badala ya kuuacha umejiviringisha, kwa sababu waya uliojiviringisha hujipasha moto wenyewe. Kambi ikiwa inategemea sola, hita hubaki sandukuni. Wageni hupewa mablanketi mawili zaidi na chupa ya maji ya moto. Sigiri hubaki nje, ya kuchemshia maji hayo.