Fahamu Jinsi Ubongo Unavyoongoza Mwendo wa Mwili, na Kwa Nini Kiharusi Huhitaji Haraka

Kila mwendo wa hiari wa mwili, kuanzia kuinua gunia la mchele hadi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, huanzia kwenye ubongo. Kwa mafundi cherehani, wachukuzi na wasukuma mikokoteni wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, uwezo huo ndio mtaji wa kwanza. Kiharusi huweza kuuondoa kwa dakika chache. Maarifa kuhusu namna ubongo unavyoamuru misuli, ambayo sehemu yake kubwa imetokana na utafiti kwa kima, ndiyo yanayoeleza kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupaswa kufikishwa hospitali mapema na kuanza mazoezi bila kuchelewa.

Amri ya mwendo hutoka wapi

Katika gamba la ubongo upo ukanda unaotawala misuli, ambamo kila sehemu ya mwili ina eneo lake. Vidole na midomo, ambavyo hufanya kazi za ustadi, vina maeneo makubwa kuliko kiwiliwili. Kutoka hapo nyuzi za neva hushuka hadi kwenye uti wa mgongo, na nyingi kati yake huvuka kwenda upande wa pili zikiwa bado katika shina la ubongo. Kwa sababu hiyo, madhara katika upande wa kushoto wa ubongo hudhoofisha mkono na mguu wa kulia.

Utafiti kwa kima

Katika miaka ya 1960 mtafiti Edward Evarts wa Marekani alirekodi ishara za umeme za seli mojamoja za ubongo wa kima waliofundishwa kusogeza mkono. Alibaini kwamba seli hizo huanza kutoa ishara kabla mkono haujasogea, na kwamba wingi wa ishara huhusiana na nguvu inayotumika.

Swali lililobaki lilikuwa jinsi ubongo unavyochagua mwelekeo. Mwanasayansi Apostolos Georgopoulos, mzaliwa wa Ugiriki, alilishughulikia akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1982, kima walisogeza mpini kutoka katikati kuelekea pande nane. Ilionekana kwamba seli nyingi zina mwelekeo zinaoupendelea: hutoa ishara nyingi mkono unapoelekea upande huo, na ishara hupungua kadiri mkono unavyoelekea kwingine. Seli moja peke yake haitoshi kueleza mkono unakwenda wapi. Mwaka 1986, Georgopoulos na wenzake walionesha katika jarida la Science kwamba michango ya seli nyingi ikijumlishwa, jumla yake hulingana na mwelekeo wa mkono. Mfano wake ni watu kadhaa wanaousukuma mkokoteni mzito: kila mmoja husukuma kutoka aliposimama, na mkokoteni hufuata nguvu ya wote kwa pamoja.

Utafiti mwingine, wa Randolph Nudo na wenzake mwaka 1996, ulihusu kima waliokuwa na jeraha dogo, mfano wa kiharusi, katika eneo la ubongo linalotawala mkono. Kima waliofanyishwa mazoezi ya mkono ulioathirika walihifadhi sehemu ya eneo hilo iliyosalia. Kwa baadhi yao, eneo la mkono lilipanuka hadi sehemu zilizokuwa za kiwiko na bega. Seli zilizokufa hazikurudi, bali zilizobaki zilibeba sehemu ya kazi.

Hali ya Dar es Salaam

Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza wakiongozwa na Richard Walker walifuatilia matukio ya kiharusi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika maeneo ya Jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kuzingatia tofauti za umri wa wakazi, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ikilinganishwa na 108.6 katika Hai. Shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu, na mara nyingi halina dalili hadi madhara yatokee.

Hatua za kuchukua

Dalili za kiharusi hutokea ghafla: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, na usemi kuvurugika. Wananchi wanakumbushwa kuzingatia yafuatayo:

• Kumbuka saa dalili zilipoanza na umpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata kama dalili zimepungua. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya kipimo cha picha ya ubongo.

• Usimpe mgonjwa dawa, chakula wala kinywaji. Kiharusi huweza kutokana na mshipa kuziba au kupasuka, na dawa inayofaa kwa hali moja huweza kudhuru katika nyingine.

• Usipoteze muda kwa kudhani mgonjwa amerogwa au amepatwa na pepo. Kariakoo ipo jirani na Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Muhimbili haipo mbali. Ukaribu huo hauna faida iwapo saa za mwanzo zitaishia nyumbani.

• Pima shinikizo la damu hata ukiwa mzima. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia kinahitaji ushauri wa daktari, na dawa zilizoandikwa zisiachwe kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri.

• Anza mazoezi ya viungo mapema kwa mwongozo wa mtaalamu. Familia imsaidie mgonjwa kuutumia mkono uliodhoofika badala ya kumfanyia kila kitu, kwa kuwa ni matumizi ya mkono huo yanayozifundisha seli zilizosalia kazi mpya.