Vashti Bunyan na santuri iliyochelewa kusikika

Desemba 1970 kampuni ya Philips ilitoa nchini Uingereza santuri yenye nyimbo 14, zinazochukua takriban nusu saa kuzisikiliza zote. Jalada lake lina msichana aliyefunga kitambaa kichwani, amesimama mlangoni pa nyumba ya shamba, na pembeni yake wamechorwa wanyama. Jina la santuri ni Just Another Diamond Day. Msichana ni Vashti Bunyan, aliyekuwa na miaka 25. Walioinunua walikuwa mia chache tu, na mwenyewe alipoona hivyo akaliweka gitaa kando na kulea watoto.

Asiyemjua akisikia nyimbo zile za machweo, mito na ng'ombe atadhani mwimbaji amekulia zizini. Bunyan alizaliwa Newcastle mwaka 1945 akalelewa London. Alisomea uchoraji katika shule ya Ruskin kule Oxford mpaka wakamfukuza, maana gitaa lilikuwa limekula muda wa brashi. Akiwa na miaka 18 alikwenda New York, akazisikia nyimbo za Bob Dylan, akarudi nyumbani ameshaamua kazi atakayoifanya.

Kazi hiyo ilikuwa pop. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo husahaulika. Mwaka 1965 Andrew Loog Oldham, meneja wa Rolling Stones, alimchukua na kumpa wimbo uliotungwa na Mick Jagger na Keith Richards. Haukuvuma. Mwaka uliofuata akatoa Train Song, nao ukapita kimya. Nyimbo nyingine alizorekodi zilibaki makabatini. Bunyan alitaka sauti yake ya chini, inayokaribia kunong'ona, isikike redioni katikati ya ngoma na magitaa ya umeme, lakini biashara ya muziki ya London haikujua imweke rafu gani.

Mwaka 1968 akachoka. Mwanamuziki Donovan alikuwa amenunua visiwa vidogo karibu na kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, akiwa na ndoto ya kuwakusanya wasanii waishi pamoja. Bunyan na mpenzi wake, Robert Lewis, wakaamua kwenda huko. Hawakuchukua treni. Walinunua farasi jike aitwaye Bess na gari kuukuu la kukokotwa, wakashika njia. Pamoja na mapumziko, safari hiyo iliingia mwaka wa pili.

Nyimbo zilizaliwa njiani. Jog Along Bess ni ya farasi mwenyewe, Rose Hip November ni ya majira yanayogeuka kuwa baridi, na nyingine zinawataja wadudu na ndege walioonekana kando ya barabara. Aliyewahi kulala nje mvua ikinyesha atashangaa jinsi zisivyolalamika. Bunyan ameeleza baadaye kwamba alizitunga ili ndoto isife wakati hali halisi ilikuwa njaa na matope. Kwa hiyo si taarifa za maisha ya shamba, maana shamba lenyewe lilikuwa bado halijapatikana. Walipofika Skye hatimaye, Donovan na wengi wa wenzake walikuwa wameshaondoka.

Katikati ya safari, wakati wa baridi, Bunyan alirudi London kwa muda na kukutana na Joe Boyd, mtayarishaji Mmarekani aliyekuwa akiwasimamia Nick Drake na bendi ya Fairport Convention. Boyd alimwambia nyimbo za njiani zitafaa kurekodiwa. Mwishoni mwa 1969 wakaingia studio ya Sound Techniques, mtaa wa Chelsea.

Hapo ndipo santuri ilipopata sura tunayoijua. Boyd aliwaita watu aliowazoea: Dave Swarbrick wa Fairport Convention kwenye fidla na mandolini, Simon Nicol wa bendi hiyohiyo kwenye banjo, na Robin Williamson wa Incredible String Band. Robert Kirby, aliyempangia Nick Drake vinanda na filimbi, alipanga baadhi ya nyimbo. Matokeo ni mazuri, sibishi. Fidla ya Swarbrick inaifuata sauti ya Bunyan bila kuifunika hata mara moja. Lakini vyombo hivyo ni vya muziki wa asili wa Uingereza na Ireland, na ndivyo vilivyomtia mwimbaji lebo ya folk ambayo amekuwa akiikataa tangu hapo. Nadhani ana haki. Ukiiondoa banjo, kinachobaki ni wimbo mfupi wa pop ulioimbwa polepole.

Mwaka mzima ukapita kati ya kurekodi na kutolewa. Santuri ilipoingia madukani mwimbaji alikuwa na mtoto mchanga, mbali na London, na hakuwapo wa kuipigia debe jukwaani. Sioni haja ya kutafuta sababu nyingine ya kuanguka kwake.

Mwaka 1997 Bunyan aliandika jina lake kwenye intaneti, akakuta watu wakiitafuta santuri aliyodhani imekufa. Mwaka 2000 ikatolewa upya kwenye CD, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1970 wakaipokea kama kazi ya rika lao. Mmoja wao, Devendra Banhart wa Marekani, alimwandikia kumwomba ushauri. Mwaka 2005, miaka 35 baada ya ile ya kwanza, Bunyan akatoa albamu ya pili, Lookaftering, ikitayarishwa na Max Richter. Robert Kirby alirudi tena, safari hii na tarumbeta.

Heartleap ya mwaka 2014 ni kitu kingine. Bunyan hasomi nota wala hawezi kupiga piano kwa mikono miwili, kwa hiyo alijifunza kutumia kompyuta na kuzipanga sauti za vinanda moja baada ya nyingine, nyumbani kwake Edinburgh. Sehemu kubwa aliitayarisha mwenyewe. Humo hakuna banjo, na alitangaza kuwa ndiyo albamu yake ya mwisho.