Pasaka ya Wayahudi wa Mbale

Jumatano ya tarehe 11 Aprili 1979, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza katika Redio Uganda kwamba serikali ya Idi Amin imeanguka. Askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na wapiganaji wa Uganda waliofuatana nao walikuwa wameingia Kampala. Watanzania wanaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu ya Vita vya Kagera. Lakini kwenye vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, zilikuwapo familia chache ambazo zingeihesabu kwa namna nyingine. Jua lilipotua siku hiyo, kalenda ya Kiebrania iliingia 15 Nisani, usiku wa Pasaka, ambapo Mwisraeli hukumbuka kutoka Misri na kumtoroka Farao. Ni nadra historia kupangika hivyo, na hao Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale, hawajachoka kuisimulia.

Pasaka hii si ile ya Ijumaa Kuu na ufufuko. Ni sikukuu ya jikoni. Siku kadhaa kabla yake nyumba hufagiliwa hadi pembeni, makabati yakaondolewa kila kitu chenye chachu, vyombo vikachemshwa. Usiku wa kuamkia mkesha baba huzunguka na mshumaa, watoto nyuma yake, wakitafuta vipande vya mkate vilivyobaki. Vikipatikana, huchomwa asubuhi. Kwa siku nane (saba kwa wakaao Israeli) haliliwi andazi wala mkate wa kawaida. Badala yake huliwa matza, mkate wa unga na maji tu, ambao kwa sheria ya marabi usizidi dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi uingie tanurini. Mpishi wa Pwani ataona ugumu mara moja. Unga wa chapati huachwa upumzike ndipo ulainike, na kupumzika huko ndiko sheria inakokataza. Mezani huwekwa mboga chungu, maji ya chumvi, yai, mfupa wa mwanakondoo na mchanganyiko mtamu wa matunda na njugu unaofananishwa na udongo wa matofali ya Misri. Divai hunywewa vikombe vinne. Aliye mdogo kuliko wote ndiye huuliza: kwa nini usiku huu ni tofauti? Mlo mzima ni jibu lake.

Yote hayo hayahitaji hekalu wala kuhani. Yanahitaji mezani mtu anayejua kusimulia na mtoto wa kuuliza, na nadhani hapo ndipo siri ya Mbale ilipo.

Aliyeianzisha jamii hiyo ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki akitumaini kutawazwa mfalme huko, asitawazwe. Alipochoka nao alijitenga, akajiunga na kundi la Malaki lililokataa dawa za kizungu. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda tangu 1896, na kadiri alivyoisoma ndivyo alivyolikazia zaidi Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake wakamwambia kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Lakini kusoma Kutoka sura ya 12 ni jambo moja, na kujua Pasaka inaangukia lini ni jingine. Mwaka 1920 alifika Myahudi aliyeitwa Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa, akawafundisha uchinjaji wa halali na hesabu ya sikukuu. Hesabu hiyo ndiyo zawadi aliyowaachia. Miezi ya Kiebrania huandama kama ya Kiislamu, lakini katika kila miaka 19 huongezwa mwezi wa kumi na tatu mara saba, ili Nisani isitoke nje ya majira ya kuchipua ya Yerusalemu. Kwa Mbale, majira hayo ni masika. Sikukuu ya shayiri changa ya Kanaani huliwa tope likiwa mlangoni, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha hilo. Kakungulu alitunga kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda mwaka 1922, akafariki 1928. Samson Mugombe akachukua uongozi. Arye Oded, Mwisraeli aliyesoma Makerere, alipowafikia mwaka 1962, aliwakuta wakishika mambo waliyoyajua kwa maandiko na kwa mafundisho ya muda mfupi.

Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971 alikuwa rafiki wa Israeli. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli wote, kisha dini yenyewe ikapigwa marufuku. Sinagogi zilifungwa, watu wakaingia Ukristo au Uislamu, na jamii iliyokuwa na takriban watu 3,000 ikabaki na mia chache. Gershom Sizomu, ambaye baadaye alikuwa rabi wao, amesimulia kuwa baba yake alikamatwa kwa kujenga kibanda cha Sukoti, sikukuu ya vibanda, akaachiwa kwa kutoa mbuzi. Kibanda kinaonekana na jirani. Mlo wa Pasaka hauonekani. Ukifunga mlango na kushusha sauti, umebaki na mambo yake yote.

Ndiyo maana nasita kuipokea hadithi ya 1979 nzima nzima. Tangazo la redio lilikuwa la Kampala. Jinja ilitekwa tarehe 22 Aprili, na Mbale iko mbali zaidi upande wa mashariki. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa imekwisha tangu machweo ya tarehe 19. Kwa hiyo, walioketi kula mlo huo huko vilimani walikula huku askari wa Amin wakiwa bado nyuma ya mto Nile, wakirudi nyuma kwa fujo. Hawakula wakiwa huru. Walikula wakiwa wamesikia kwamba uhuru unakuja, na hivyo ndivyo Waisraeli wa Kutoka walivyokula, viatu miguuni.

Wayahudi wa Nairobi hawakuhitaji kushusha sauti. Kusanyiko lao lilianza 1904, wakati Waingereza wakijadili kuwapa Wayahudi wa Urusi nyanda za Uasin Gishu, mpango ambao Mkutano wa Kizayuni ulioketi Basel uliukataa mwaka uliofuata. Sinagogi yao iko mpaka leo pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Lakini Kenya nayo ina Pasaka za kufungiwa. Kati ya Machi 1947 na Julai 1948, Waingereza waliwaweka Gilgil zaidi ya wafungwa 200 wa makundi ya Kiyahudi yenye silaha ya Irgun na Lehi kutoka Palestina. Pasaka mbili ziliwakuta ndani ya seng'enge katika Bonde la Ufa.

Tangu 1979 Mbale imejengwa upya. Vijana walirudi kwenye kilima cha Nabugoye miaka ya 1980 kusimamisha tena ibada. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Conservative kutoka nje waliwapokea wengi rasmi, ingawa wa kijiji cha Putti wamejikita upande wa Orthodox. Sizomu alipata urabi Marekani mwaka 2008, akaingia bungeni mwaka 2016. Jikoni nako mambo yamelegea. Mnamo Desemba 2015, kamati ya sheria ya Conservative iliruhusu mchele, mahindi na maharage wakati wa Pasaka, vyakula ambavyo Wayahudi wa Ulaya Mashariki walivizuia kwa karne nyingi. Kwa mama wa Mbale, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka New York. Matoke, viazi vitamu na muhogo havikuwa na tatizo tangu mwanzo. Kunde na posho (ugali wa mahindi) ndizo zilizokuwa na maswali.

Mlo huo hufungwa kwa tumaini la kuwa Yerusalemu mwakani. Kwa Abayudaya, tumaini hilo lina karatasi. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko, ikieleza kwamba jamii yake haikuwa imetambuliwa kisheria.