Kinanda

Kamusi za zamani zinalipa neno kinanda maana ya chombo cha nyuzi, kisha piano na ogani. Hata gramafoni iliitwa kinanda cha santuri. Leo Unguja ukisema mpiga kinanda, watu humfikiria aliye mbele ya sintesaiza. Katika taarabu ya kisasa, iliyoshamiri miaka ya 1990, yeye mara nyingi hubeba sehemu za fidla, akodiani na ngoma peke yake.

Kinachonivutia mimi ni vitufe. Piano ina sauti 12 tu katika oktava, ilhali maqamu ya rasti na bayati, ngazi za muziki wa Kiarabu zinazotumika katika taarabu, yanataka robo toni. Mpiga fidla huipata kwa kutelezesha kidole. Mpiga ala ya kanuni hugeuza vijichuma kando ya nyuzi. Basi vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vina safu ya vitufe vidogo, kimoja kwa kila sauti: bonyeza cha mi, na mi inashuka robo toni. Wanaosema kinanda cha umeme hakina ufundi wamtazame mpigaji akibadili maqamu katikati ya wimbo, mkono wa kushoto kwenye vitufe hivyo vidogo, wa kulia ukiendelea na kiitikio.