Kusi Huvuma Hadi Baraka

Anayetaja Kivu ya Kusini ametaja upepo wa bahari. Baraka, mji wa Fizi ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, lakini jina la jimbo lake limebeba kusi. Kwa mabaharia wa Lamu na Unguja, kusi ilikuwa majira kabla ya kuwa upande wa ramani: majahazi yaliyoteremka na kaskazi tangu Desemba yaliingoja hadi Aprili hivi, ndipo yakatweka tanga kurudi Uarabuni.

Waarabu wana neno hilo pia, ila upepo si uleule. Kwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa Julfar wa karne ya 15, kaws ni upepo wa kusini-magharibi unaovuka bahari kuu. Ndani ya Ghuba, kaws hutoka kusini-mashariki wakati wa baridi na kutangulia dhoruba. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, nalo lina wake: kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini hufuata urefu wa ziwa na kuinua mawimbi ya kuogopwa. Neno lilipofika huku na misafara, liliukuta upepo wake umetangulia. Natamani watoto wa Fizi wafundishwe kusini kwa kuanzia kwenye upepo huo, maana baba zao wanavua ndani yake.

Maneno mengine ziwa liliyanyima riziki. Pwani ni mahali panapopwa maji, na ziwani maji hayapwi na kujaa kila siku. Bamvua, kujaa na kupwa kukubwa kwa maji, haina la kufanya Baraka. Demani, kamba ya tanga na pia upande wa chombo uliokingwa upepo, ilihitaji tanga, nalo halikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1858 mpelelezi Speke alivuka ziwa akitafuta kukodi jahazi la Mwarabu, akarudi bila hilo jahazi. Yeye na mwenzake Burton wakapanda mitumbwi ya makasia kwenda Uvira, wakipitia Ubwari, rasi iliyo jirani na Baraka. Tusikimbilie kuunganisha kila kitu, hata hivyo. Matanga ya msiba yanafanana na matanga ya jahazi, lakini hata Kinshasa, katika Kilingala, matanga ni mkesha wa maiti. Mimi siyafungi kwenye mlingoti.

Linalonigusa zaidi ni neno mwalimu. Katika vyombo vya zamani nahodha alikuwa bwana wa chombo, kama Kiajemi chake kinavyosema, na malimu ndiye aliyesoma nyota. Malimu na mwalimu ni mu'allim yuleyule wa Kiarabu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa Malindi mtu wa kumfikisha Calicut, na Barros, mwandishi wa Kireno, akamwandika Malemo Caná. Malemo ni cheo hicho. Leo Baraka mwalimu ni wa darasani au wa kanisani. Kifaransa anachofundishia kimehifadhi pande zote mbili: maître ni mwalimu wa shule, na maître d'équipage ni serahangi wa meli. Kilatini vilevile kilimwita mkuu wa chombo magister navis. Lakini hao waliitwa hivyo kwa ukuu wao chomboni; mu'allim aliitwa hivyo kwa sababu kuijua njia ya majini ni elimu, na anayeijua ni mwalimu. Kiswahili kilikuwa na heshima hiyo, kikaiachia ukingoni.

Maneno ya Lamu walau yameandikwa: Prins alitoa kitabu chake juu ya mabaharia wa huko mwaka 1965, na kabla yake kamusi ya Sacleux ilikuwa imekusanya mengi. Wavuvi wa Ubwari na Baraka wanastahili kazi ya namna hiyo, ianzie kwenye lusenga, wavu wa mpini waliochotea ndagala usiku kwa mwanga wa moto kabla karabai hazijaja, na iwaulize wazee majina ya pepo zote, si ya kusini peke yake.