MTI WENYE MAJINA MAWILI

Leo tutazungumza habari za mti mmoja wa Ulaya, tuone jinsi majina ya mti yanavyoweza kutunza habari za watu wa kale.

Waingereza huuita mti huo alda. Huota kando ya mito na penye majimaji. Ukikatwa, mti wake mweupe hugeuka rangi ukawa mwekundu. Nguzo zake zikizama majini daima, hukaa miaka mingi bila kuoza. Mti wa jamii hiyohiyo, uliotoka Amerika, umepandwa Rwanda na Kigezi, Uganda, ili ushike udongo wa milimani usichukuliwe na mvua.

Katika nchi ya Ufaransa mti huo una majina mawili. La kwanza ni aulne, nalo latoka katika neno la Warumi, alnus. La pili ni verne, nalo ni la zamani zaidi. Kwa nini mti mmoja una majina mawili?

Zamani wenyeji wa nchi hiyo walikuwa Wagali, nao walikuwa na lugha yao. Mwaka 58 kabla ya kuzaliwa Kristo, jemadari wa Kirumi, Julius Caesar, aliwaingilia kwa majeshi, na baada ya miaka minane aliwashinda. Caesar aliandika kwamba makuhani wa Wagali hawakutaka mafundisho yao yaandikwe. Wanafunzi waliyashika kwa moyo, wengine kwa muda wa miaka 20. Makuhani walipokwisha, mafundisho yalikwisha pamoja nao. Watu wakajifunza lugha ya watawala, na baada ya miaka mia kadhaa lugha ya Wagali ikafa.

Lakini wakulima waliendelea kuuita mti wa mtoni kwa jina la babu zao. Hata mji wa Vernon, ulio kando ya mto Seine, umepata jina lake katika neno hilo.

Nasi pia tunayo majina ya namna hii. Mombasa kuna mahali paitwapo Mwembe Tayari. Jina lenyewe lasema palikuwa na mwembe.

Kazi yenu wiki hii: waulizeni wazee majina ya miti na ya mahali mnapokaa, na maana yake. Kisha yaandikeni katika madaftari yenu. Neno lililo moyoni mwa mzee mmoja tu huzikwa pamoja naye. Ninyi sasa mnajua kuandika.

Kwaherini.